Je, mwenye ualbino huona vizuri zaidi usiku?

SWALI: Mwanangu wa miaka 8 ana ualbino. Mchana anafinya macho na daftari analisogeza hadi puani, lakini jioni anacheza bila shida. Jirani anasema watu wenye ualbino huona gizani kama paka. Ni kweli? Na mbona sungura wetu weupe wenye macho mekundu huyumbisha vichwa wanapotazama kitu?

JIBU: Si kweli, mama, ila ulichokiona jioni ni sahihi. Duara la rangi linalozunguka mboni huzuia mwanga, upite kwenye tundu la mboni tu. La mwanao lina melanini (rangi ya asili ya mwili) kidogo, kwa hiyo mwanga unapenya kote kama jua kwenye pazia jepesi, na nyuma ya retina, yaani sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, hakuna rangi ya kutosha kuufyonza. Jua likizama, kero hiyo inapungua. Ukali wa kuona uko palepale. Paka, nyuma ya retina, ana utando unaorudisha mwanga. Binadamu hana, awe na ualbino au asiwe nao.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kitovu cha retina, tunachoonea vitu vidogo, hakikuumbika kikamilifu. Ndiyo maana miwani humsaidia lakini haimfikishi 6/6, yaani kuona kwa kawaida. Tena nyuzi za neva ya jicho huvuka kupita kiasi kwenda upande wa pili wa ubongo, macho mawili yasishirikiane vizuri kupima kina: ngazi na mitaro humsumbua. Hitilafu hiyo ipo hata kwa paka wa Siam na kwa sungura wako. Sungura huyumbisha kichwa, yaelekea, ili kitu kihame machoni apate kukadiria umbali. Wekundu wa macho yao ni damu ya mishipa tu. Banda liwe na kivuli, kwani mwanga mkali wa mfululizo umeonekana kuua seli za retina za panya weupe.

Mpeleke apimwe miwani kwa dawa ya matone inayolegeza misuli ya jicho. Bila hiyo, kipimo cha mtoto hudanganya. Tuseme anaona 6/60, yaani akiwa mita 6 anaona kile ambacho macho ya kawaida huona kwa mita 60: herufi ya chaki ya sentimita 5 ataitambua akiwa mita 3 na kitu, na ili asome bila kuhangaika akae nusu ya hapo, dirisha likiwa mgongoni. Macho yakichezacheza, huenda akainamisha kichwa upande mmoja. Msimnyooshe: hapo ndipo yanapotulia. Daftari puani halimharibu macho. Nje avae kofia ya ukingo mpana na miwani ya kuzuia miale ya jua. Ile nyeusi sana asiivae darasani, itamnyima hata kile kidogo anachoona.

Usiku taa za magari humpofusha kwa muda, basi avushwe barabara kwa kushikwa mkono. Lakini akianza kujikwaa magharibi inapoingia, mahali ambapo wenzake wanapita vizuri, huo si ualbino. Arudi kwa daktari achunguzwe upungufu wa vitamini A na magonjwa mengine ya retina.