Usibuki nyumba kwanza: likizo ya skii niliyoiharibu, na ile niliyoipatia

Juzi nimetoka shifti ya usiku miguu inaniwaka, nafungua simu nakuta meseji ya dada mmoja wa Mombasa anayeishi Leeds. Anasema dada nimeona picha zenu za Zell am See, ule mji wa Austria, na mie mwakani nataka nipeleke wanangu Alps, ile milima ya theluji ya Ulaya, wakaskii, yaani wakateleze kwenye theluji na vibao virefu miguuni, mume wangu hajawahi hata kugusa hizo skii, nianzie wapi? Nikaanza kumjibu pale pale kwenye basi, kufika nyumbani bado naandika, nikasema hapana, hili niliweke hapa wasome na wengine, maana najua tuko wengi tunaoitaka hii kitu na hatuna wa kumuuliza.

Picha yenyewe ni ya binti yangu wa miaka 11 yuko juu ya mlima wa Kitzsteinhorn, mita 3,029, helmeti ya bluu, anacheka meno yote nje, nyuma yake milima mieupe haina mwisho. Watu wameilaiki sana. Ila hiyo picha ina chanzo chake, na chanzo chake ni Februari ya miaka miwili iliyopita, na hiyo Februari sijawahi kuiandika popote kwa sababu iliniuma.

Tunakaa Munich. Kutoka hapa milima unaiona kwa macho siku ikiwa safi, na kila mwaka watoto wangu walikuwa wanarudi shule baada ya likizo ya Februari wenzao wote wanasimulia skii, wao wamekaa kimya. Mtoto akikaa kimya mama unajua. Basi nikasema mwaka huu tunaenda, na nikafanya kile ambacho kila mtu anafanya, nikaingia mtandaoni nikatafuta nyumba. Nikapata apatimenti kwenye kijiji kimoja cha Tyrol, mkoa wa Austria, jina sikitaji, imeandikwa dakika tano kutoka kwenye lifti, ile mashine ya kupandisha watu mlimani, nikalipa yote, nikafurahi, nikawaambia mpaka majirani.

Dakika tano zilikuwa za gari. Sisi gari hatuna, tumekuja na treni. Asubuhi ya kwanza tukabeba skii begani, watoto wana miaka 6 na 9, tumevaa yale mabuti ambayo kama hujawahi kuyavaa nikwambie tu ni kama umetia miguu kwenye ndoo mbili za plastiki ngumu, tunapanda kilima kwa dakika arobaini. Mdogo akakaa chini kwenye theluji akalia. Tukafika shule ya skii kuandikisha watoto, yule dada wa dirishani akanitazama kwa huruma kabisa, akasema wiki hii yote imejaa, watu wameandikisha tangu Novemba.

Sasa baba watoto ana rafiki yake wa kazini aliyekuja na familia yake kijiji kile kile, akasema msitoe pesa kwa mwalimu, mimi nitawafundisha, ni rahisi. Jamani. Mtu kujua kitu na mtu kujua kukifundisha ni vitu viwili.

Na hapa nataka niende taratibu maana ndipo penyewe. Dukani pa kukodi wanakupa fomu. Unaandika uzito, urefu, umri, halafu unachagua kiwango chako, cha kwanza ni mgeni, cha pili wa kati, cha tatu ni wale wanaokwenda kasi. Nyuma yetu foleni imefika mlangoni, kijana wa duka anapokea fomu hata hatazami uso wa mtu, na baba watoto, mwanaume wa Kitanga, na rafiki yake kasimama pembeni, akatia tiki cha pili. Mie niliona. Nikanyamaza nisimuaibishe mbele ya watu. Kumbe ile tiki ndiyo wanayotumia kukaza bindingi, ile kufuli inayoshika buti kwenye skii. Mgeni anatakiwa alegezewe, ili akianguka skii imuachie mguu. Wakikaza kwa mtu wa kati, mgeni akianguka polepole skii haimuachii, inazunguka na mguu wake.

Siku ya pili, saa tano asubuhi, akaanguka polepole. Mwili umelala kushoto, skii imebaki kulia, goti katikati. Mie ni nesi, nipo wodi ya mifupa mwaka wa sita huu, na kabla hajapiga kelele nilishajua. Wale waokoaji wakaja wakamfunga kwenye sleji, ile machela ya kuburuta kwenye theluji, mmoja mbele mmoja nyuma, wakamshusha, na wanangu wanamwangalia baba yao anapita kafunikwa blanketi. Ligamenti ya ndani ya goti, wiki sita goti limefungwa brace, kile kifaa cha kulishikilia. Bili ya sleji ikaja nyumbani, euro mia kadhaa, na bima yetu ya afya ya Ujerumani haikulipa hata senti, kwa sababu kumtoa mtu mlimani sio matibabu. Na huyo ni wa sleji, angekuwa wa helikopta tungekuwa tunaongelea maelfu.

Kwenye grupu letu la Watanzania wa huku nikaandika jamani muombeeni. Watu wakaomba, Mungu awalipe. Ila mmoja akaandika, "Hayo si mambo yetu, waachieni wenyewe." Na watu kumi na moja wakaweka kidole gumba. Niliwahesabu. Mpaka leo nikikutana nao kwenye harusi nawasalimia vizuri na bado nakumbuka.

Mwaka uliofuata hatukwenda popote. Mwaka huu nikaanza upya, na safari hii sikugusa nyumba kabisa. Nilianza na mwalimu. Oktoba nimepiga simu shule ya skii Kaprun, mji jirani na Zell am See, chini ya Kitzsteinhorn, nikauliza mnayo nafasi ya watoto wawili na watu wazima wawili ambao hawajui kitu, wiki gani, mnakutana wapi saa ngapi. Wakanijibu. Nikawaandikisha wote wanne. Hapo ndipo nikatafuta nyumba, na niliitafuta karibu na kituo cha basi linalopeleka watu pale pa kukutania. Umeona? Mwalimu, halafu basi, halafu nyumba. Tulivyofanya mara ya kwanza ni nyumba, nyumba, nyumba, halafu kilio.

Tarehe nayo ina mambo yake. Shule za Ujerumani huwezi kumtoa mtoto ukaenda naye likizo katikati ya muhula, utapigwa faini, kwa hiyo wenye watoto wa shule wote tunabanana wiki zile zile. Februari wanakuja Wajerumani, Waholanzi, Waingereza na Wafaransa, na bei inapanda mpaka unajiuliza kama ni chumba unakodi au unanunua. Wiki za Januari baada ya tarehe 6 ni rahisi na pisti, zile njia za kushukia na skii, ziko tupu, lakini hizo ni za wasio na watoto wa shule. Sisi tukachagua wiki ya kabla ya Pasaka, Ramadhani imeshapita, Idi tumeshakula, na nafasi zipo.

Ila ukienda mwisho wa msimu lazima uende juu. Hili watu hawalisemi. Mji wa Zell am See wenyewe uko mita 757 tu, chini kuliko Lushoto, na tulivyofika majani kando ya ziwa yalikuwa ya kijani kabisa, mdogo akauliza mama theluji iko wapi. Iko juu. Kitzsteinhorn ni barafu ya kudumu, ndiyo maana kule wanaskii mpaka masika wakati vijiji vya chini vimeshafunga. Kwa hiyo ukiona apatimenti ya bei poa ya Aprili kwenye kijiji cha chini na mlima wake nao mfupi, jiulize kwa nini ni bei poa.

Tulikwenda na treni, Munich mpaka Salzburg, unabadilisha, Zell am See unashuka katikati ya mji, kama masaa matatu na nusu hivi. Hakuna foleni ya Jumamosi. Maana Alps nyumba nyingi wanakodisha Jumamosi kwa Jumamosi, na barabara zote siku hiyo zinasimama.

Somo lilikuwa Alpincenter, kituo cha juu kule Kitzsteinhorn, mita 2,450. Dukani safari hii baba watoto alitia tiki cha kwanza, na akamwambia yule dada kwa sauti, mimi sijui kitu na goti hili limeshaumia. Niliona fahari kuliko siku ya harusi yetu, wallahi. Yule dada akampimia buti vizuri, akamwambia simama wima vidole viguse mbele, sasa kunja magoti, vidole virudi nyuma kidogo, kisigino kisinyanyuke. Hiyo ndiyo buti yako. Na soksi moja tu, ndefu, nyembamba. Mwaka ule sisi tulivaa mbili mbili tukidhani ndiyo joto, kumbe unabana damu isifike vidoleni na unaganda zaidi, na mie nesi nzima nilitakiwa nilijue hilo.

Watoto wanafundishwa kwa chakula. Kufunga breki unakutanisha ncha za skii mbele na kupanua nyuma, wanaita pizza. Kwenda moja kwa moja ni chipsi. Kutwa nzima unasikia mwalimu anapiga kelele pizza, pizza, na watoto thelathini wanashuka kama vifaranga. Wanapandishwa na zulia linalotembea, wanasimama tu linawavuta. Siku ya tatu mwanangu mdogo akapita mbele yangu kwenye njia ya bluu, ile rahisi, mie nimeanguka, yeye ananipungia mkono anaendelea.

Asubuhi theluji ni ngumu kama sakafu, saa saba mchana imekuwa uji. Uji kabisa, wa mtama, mzito, skii inazama na magoti yamechoka, na hapo ndipo wageni wanaumia. Sisi saa saba tulikuwa tunavua. Watu wanasema umelipa tiketi ya lifti, skii mpaka lifti ifungwe. Tiketi ya siku moja ya mtu mzima kwenye hii milima mikubwa ya Austria imeshapita euro 70, najua inauma, lakini goti ni ghali zaidi.

Tena msidanganyike na ngozi. Ngozi yetu inaungua kule, theluji inarudisha jua usoni kutoka chini, pua yangu ilibanduka. Pakeni krimu mpaka chini ya kidevu, na miwani msivue.

Chakula. Vibanda vya mlimani vina nguruwe kwenye nusu ya menyu, na hata tambi za jibini wakati mwingine wanatia vipande vya nguruwe, kwa hiyo uliza. Sisi tulikula Germknödel, ni kama andazi kubwa limepikwa kwa mvuke badala ya mafuta, ndani jamu ya plamu, juu wamemwagia sosi ya vanila. Kaiserschmarrn nayo nzuri sana, ila zabibu zake wengine wanaziloweka kwenye ramu, mwambie akupe bila zabibu. Jioni mjini halali utapata, wageni wa Ghuba wanaipenda sana Zell am See, hasa kiangazi.

Sasa niseme na wewe wa Leeds, na wale kumi na moja kama wanasoma. Mlima wenye theluji sisi tunao nyumbani. Kibo inaipita Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote ya Alps, kwa zaidi ya mita 1,000. Philip Boit wa Kenya alishindana skii za nyika kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie alimsubiri kwenye mstari akamkumbatia. Sabrina Simader amezaliwa Kilifi, akakulia Austria, akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya PyeongChang 2018 kwenye skii za kushuka mlima. Kwa hiyo mtu asije akakwambia hayo si yetu. Mwambie mtoto wako ni yake, halafu mtafutie mwalimu. Kuthubutu bila mwalimu ndiko kulikotupeleka kwenye sleji.

Na wewe kama bado una pasi ya Kenya, viza ya Schengen unaombea nchi utakayolala siku nyingi, fomu wanapokea kuanzia miezi sita kabla, ada ni euro 90 mtu mzima, na bima lazima ifike euro 30,000. Soma bima hiyo mpaka mwisho, nyingi haziingizi michezo ya theluji. Sisi tumejiunga na Alpenverein, chama cha milima cha Austria, uanachama wao una bima ya uokoaji ndani yake. Na nyumba ya kulipia kabla ya viza chagua inayorudisha pesa.

Mie fomu ya viza naijaza tena wiki hii, ya mama yangu. Anatoka Korogwe, ana miaka 67, hataskii, atapanda gondola, kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya, kama mtembeaji kwa tiketi yake ya kwenda na kurudi, akae juani awaone wajukuu wake wakishuka. Nilimpigia nikamweleza yote, baridi, urefu, barafu, akanisikiliza kimya mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu, mwanangu, huko juu choo kipo? Kipo mama, na kina maji ya moto.