Wapigaji wa gitaa la rizoneta ninaowapenda, na namna ya kuwasikiliza

Vijana wanaopiga gitaa huniuliza mara nyingi wanunue rizoneta ya aina gani, na jibu langu huwa lile lile: kabla hujatoa hata senti, tafuta mpigaji ambaye huwezi kuacha kumsikiliza, mzoee mpaka umtambue kwa noti mbili tu, kisha ndipo uulize anapiga gitaa gani. Nasema hivi kwa sababu rizoneta zinatofautiana sana kwa sauti, kila aina ina mipaka yake, na wapigaji ninaowaheshimu kuliko wote ni wale walioikubali mipaka hiyo wakaifanya kuwa lafudhi yao. Kwa masikio yangu, kinachowatenga na wengine si wingi wa noti wala kasi ya vidole. Ni namna wanavyoikata sauti: wapi wanaiacha iendelee kulia, wapi wanainyamazisha ghafla, na wapi wanamwachia mwimbaji nafasi.

Kwa asiyelifahamu, hili ni gitaa ambalo sauti yake hutoka hasa kwenye koni nyembamba ya alumini iliyolazwa tumboni mwake, chini ya mfuniko wa chuma wenye matundu. Lilibuniwa Los Angeles katika miaka ya 1920, kabla ya gitaa la umeme kuenea, wakati ambapo gitaa la kawaida lilikuwa likimezwa na tarumbeta, saksafoni na banjo kila lilipokaa nazo jukwaani. Mwanamuziki George Beauchamp alitaka gitaa lenye kishindo, na fundi John Dopyera, mhamiaji wa asili ya Slovakia, akamtengenezea. Kampuni yao ya National ilianza kuuza magitaa yenye koni tatu mwaka 1927. Muda si mrefu wakafarakana, na Dopyera pamoja na ndugu zake wakaanzisha gitaa jingine walilolipa jina la Dobro, kutokana na jina la ukoo wao.

Hapo ndipo zilipotokea sauti tatu ambazo kila anayejifunza anapaswa kuzitofautisha kwa masikio. Gitaa la koni tatu hulia kwa utamu na sauti yake hudumu. Gitaa la koni moja la National, ambalo daraja lake, yaani kipande kinachobeba nyuzi, hukaa juu ya kisahani cha mbao kilichogusa kilele cha koni, hupasuka kwa nguvu mara tu uzi unapoguswa, halafu sauti hufifia upesi. Dobro, ambayo koni yake imegeuzwa kama bakuli na kubebewa daraja na chuma chenye miguu minane kinachoitwa buibui, hutoa sauti ya puani kidogo, laini, inayofaa kuvutwa kwa muda mrefu. Ukizijua sauti hizi tatu, utaelewa mara moja kwa nini Son House hapigi kama Jerry Douglas, ingawa wote wawili wanatelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi.

Son House ndiye ninayemtanguliza daima. Alizaliwa mwaka 1902 karibu na Clarksdale, Mississippi, akahubiri kanisani katika ujana wake kabla ya kuingia kwenye bluzi, akarekodi santuri chache mwaka 1930 huko Grafton, Wisconsin, na baadaye akarekodiwa na mkusanyaji wa nyimbo za kiasili Alan Lomax kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1941 na 1942. Kisha akapotea katika ulimwengu wa muziki hadi wapenzi wa bluzi walipomkuta Rochester, New York, mwaka 1964. Mwaka uliofuata alirekodi tena, na wimbo wake wa barua ya msiba, “Death Letter”, ndio ninaowapa wanafunzi wangu wausikilize kabla ya kitu kingine chochote.

Usikilize kwa makini mkono wake wa kulia. Dole gumba linaushukia uzi wa besi kwa kishindo, kisha mkono mzima unaruka juu na kuziacha nyuzi, na wakati mwingine uzi unavutwa kwa nguvu mpaka unajipiga kwenye shingo ya gitaa. Bomba la chuma alilovaa kidoleni halitelezi kwa upole. Linatua, linatetemeka, linagonga shingo, na mgongano huo wenyewe unakuwa sehemu ya mdundo. Kwa kuwa National ya koni moja hufifisha sauti haraka, kila pigo linabaki peke yake, na kati ya pigo na pigo kuna pengo ambalo yeye hulijaza kwa mguu wake na kwa sauti yake. Kuna mahali anaimba mstari nusu, anaacha neno la mwisho, na uzi mwembamba unalimalizia neno hilo kwa niaba yake. Sijasikia mahubiri ya muziki yaliyo mazito kuliko hayo. Kwa ushauri wangu, mwigize kwa uzi mmoja tu kwanza. Imba mstari, nyamaza, umalizie kwa gitaa, na usiongeze uzi wa pili mpaka yule wa kwanza useme jambo linaloeleweka.

Tampa Red ni mtu wa tabia nyingine kabisa, na ninapenda kumweka mara baada ya Son House ili tofauti isikike. Yeye alifanya kazi zake Chicago, akiwa na National ya koni tatu iliyopakwa dhahabu aliyoipata mwaka 1928, na kutokana nayo akaitwa mtu mwenye gitaa la dhahabu. Alivaa shingo ya chupa, yaani bomba la kioo la kutelezesha juu ya nyuzi, kwenye kidole kidogo na kupiga noti moja moja zilizosafishwa, kama mpiga solo wa dansi anayejua kwamba watu wamekuja kucheza na si kustaajabia vidole vyake. Wimbo wake wa mwaka 1928, “It's Tight Like That”, aliutoa pamoja na mpiga piano Thomas Dorsey, yule yule ambaye baadaye aliachana na bluzi na kutunga “Take My Hand, Precious Lord”, wimbo ambao umeimbwa makanisani duniani kote. Jambo la kujifunza kwa Tampa Red ni usafi: kila noti anayoifikia imenyooka, na mtetemo wake unaanza baada ya noti kutulia, si kabla.

Lakini mtindo mzima wa kutelezesha chuma juu ya nyuzi ulikuwa umestawi Hawaii tangu mwishoni mwa karne ya 19, na anayeruka hatua hiyo anajinyima mengi. Sol Ho'opi'i, mzaliwa wa Honolulu wa mwaka 1902, alihamia California akiwa kijana, na alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuionyesha dunia uwezo wa gitaa la koni tatu. Gitaa hulazwa mapajani, chuma hushikwa kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia hudonoa kwa piki za vidoleni. Rekodi zake za miaka ya 1920 zina wepesi wa jazi ambao hadi leo huwashinda wapigaji wengi: anaruka kutoka noti ya chini hadi ya juu bila kusikika akipita katikati. Huo ndio ufundi wa kukata sauti ninaousisitiza. Ili mruko usikike kama mruko, lazima mkono wa kulia uzinyamazishe nyuzi kwa kitambo kidogo sana wakati chuma kinasafiri.

Sasa nije kwenye Dobro, ambako nina mapenzi ya pekee. Katika miaka ya 1950 chombo hiki kilikuwa kimesukumwa pembeni na gitaa la umeme la kulaza, ingawa wapigaji kama Brother Oswald katika bendi ya Roy Acuff waliendelea kukishikilia. Mwaka 1955 Josh Graves wa Tennessee alijiunga na bendi ya Lester Flatt na Earl Scruggs. Scruggs alikuwa bingwa wa banjo wa mtindo wa vidole vitatu, yaani dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vikipokezana bila kukoma kama mvua juu ya bati. Graves akauhamishia mtindo huo kwenye Dobro. Tangu hapo Dobro haikuwa tena chombo cha kulia polepole nyuma ya nyimbo za huzuni. Iliweza kukimbia pamoja na banjo na fidla. Ninachokithamini zaidi ni kwamba katikati ya mbio hizo Graves huchomeka kipande cha bluzi, noti moja iliyopindwa, kisha anarudi kwenye mwendo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mike Auldridge, aliyekuwa mchoraji wa gazeti huko Washington na mmoja wa waanzilishi wa bendi ya Seldom Scene mwaka 1971, alimpenda Graves sana, lakini akachukua njia ya utulivu. Sauti yake ni laini mno, haina mkwaruzo wa chuma, na kila noti inaonekana kupewa muda wake wa kupumua. Kwa mtu anayeanza, huyu ndiye mwalimu bora kuliko wote, kwa sababu anaonyesha kwamba chuma kikiwekwa juu kabisa ya mstari wa freti, yaani kile chuma chembamba kilichokatiza shingo ya gitaa, si nyuma yake kama tunavyoweka vidole, na kikiguswa kwa uzito wake chenyewe bila kukandamizwa, gitaa huimba lenyewe.

Jerry Douglas, aliyezaliwa Ohio mwaka 1956, amekusanya yote hayo. Alimsikia Josh Graves jukwaani akiwa mtoto, akaanza kazi akiwa angali kijana mdogo, na tangu mwaka 1998 amekuwa katika bendi ya mwimbaji Alison Krauss. Watu humsifu kwa kasi, nami sibishi, maana kasi anayo. Hata hivyo, ukitaka kumwelewa, msikilize anapomsindikiza mwimbaji. Krauss anapoimba, Douglas hukaa kimya au hugusa noti moja kwa mbali. Pumzi ya mwimbaji inapokwisha, Dobro huingia mahali pale pale sauti ilipoachwa, kwa kimo kile kile, ikaipandisha kidogo na kuirudisha kabla ya mstari unaofuata. Masikio yaliyozoea muziki wa dansi yataitambua adabu hii, kwa kuwa mpiga solo mzuri wa rumba naye hasemi juu ya mwimbaji, humjibu. Wenzangu wengi wamekuja kuipenda Dobro kupitia mlango huo.

Siwezi kumwacha Bob Brozman, aliyefariki mwaka 2013. Mmarekani huyu aliyajua magitaa ya National kuliko watu wengi waliowahi kuyashika, akaandika historia ya magitaa hayo, na akasafiri nayo. Aliwatafuta wazee wa Hawaii wa familia ya Tau Moe na kurekodi nao upya nyimbo walizozirekodi ujanani mwao mwaka 1929. Alipiga na wanamuziki wa Okinawa, India na Papua New Guinea, na pia na René Lacaille wa kisiwa cha Réunion, katika Bahari yetu ya Hindi. Katika rekodi yao ya “Digdig”, midundo ya sega na maloya, iliyokuzwa visiwani humo na watumwa waliotolewa Madagaska na Afrika Mashariki, inakutana na gitaa la chuma, na Brozman analipiga kama ngoma: kiganja juu ya mfuniko, kucha kwenye nyuzi, dole gumba likishikilia mdundo wa sita kwa nane ambao msikilizaji wa pwani hahitaji kufundishwa. Rekodi hiyo ilinithibitishia kwamba rizoneta haina haja ya kubaki Mississippi au Tennessee ili iseme kweli.

Sasa, ukishampata mpigaji wako, mambo ya ununuzi hurahisika. Kama ni Son House au Tampa Red, tafuta shingo ya mviringo, ambayo unaweza kuishika kama gitaa la kawaida na kuibonyeza kwa vidole huku bomba likiwa kwenye kidole kimoja. Kama ni Graves, Auldridge au Douglas, tafuta Dobro yenye shingo ya mraba, ambayo nyuzi zake zimeinuliwa juu na haibonyezeki kabisa. Hupigwa ikiwa imelazwa tu. Usiwe na haraka ya kufungua mfuniko, kwa maana koni ni nyembamba na ikibonyea sauti huharibika.

Kwa Dobro, tyuni nyuzi zako G, B, D, G, B, D kuanzia mnene. Kwa bluzi ya Son House, anza na D, G, D, G, B, D. Kisha fanya zoezi moja kila siku kabla ya wimbo wowote: piga noti, telezesha hadi freti ya 5, iache ilie, na uinyamazishe kwa kiganja cha kulia pale hasa unapotaka, si pale inapokufa yenyewe. Wanaovaa bomba kidoleni walaze vidole vilivyo nyuma ya bomba juu ya nyuzi kwa wepesi, ili kelele ya upande wa pili isisikike.

Na kwa kusikiliza, tafuta albamu ya “Three Bells” iliyotoka mwaka 2014, ambamo Auldridge, Douglas na Rob Ickes wanapiga Dobro tatu bila bendi. Auldridge alikuwa akiugua alipoirekodi na alifariki mwishoni mwa mwaka 2012, kabla haijatoka. Weka vipokea sauti masikioni, rudia wimbo mmoja mpaka uweze kusema ni nani kati ya watatu anapiga, na ujiulize umemtambua kwa noti aliyoipiga au kwa jinsi alivyoimalizia.