Maswali ya Wasomaji: Tau Imekwenda Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa biokemia hapa Nairobi. Vitabu vyetu vinasema kwamba katika niuroni (seli ya neva) iliyokomaa, protini ya MAP2 hukaa katika dendraiti (matawi yanayopokea ishara) na mwili wa seli, ilhali protini ya tau hukaa katika aksoni (mkono mrefu unaopeleka ishara), na kwamba zote mbili huimarisha mikrotubuli, yaani mirija midogo inayoipa seli umbo. Nilipotia vipande vya ubongo wa panya kingamwili ya Tau-1 (protini inayoshika tau ili ionekane hadubinini), aksoni ziling'aa vizuri na miili ya seli ikabaki giza. Mwenzangu aliyetumia kingamwili nyingine ya tau aliona miili ya seli iking'aa pia. Je, ni nani kati yetu aliyekosea?
Msomaji wa Ngara, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, yawezekana kabisa kwamba hakuna aliyekosea. Kingamwili haishiki protini nzima, bali hushika sehemu fupi ya mnyororo wa asidi amino, tena huishika pale tu sehemu hiyo inapokuwa wazi na katika hali inayotambulika. Tau-1 hushika kipande kilicho karibu na asidi amino ya 200, na sharti lake ni kwamba kipande hicho kisiwe na fosfeti, yaani kikundi kidogo cha fosforasi na oksijeni. Vimeng'enya vya seli vikishabandika fosfeti kwenye serini (aina ya asidi amino) za hapo, kingamwili huoshwa ikaondoka pamoja na bafa (kimiminiko cha kuoshea), na wewe hadubinini huoni kitu, ingawa tau ipo palepale.

Jambo hili limewahi kuwashughulisha hata waliotangulia. Mwaka 1985 Binder, Frankfurter na Rebhun walitumia Tau-1 wakaeleza kwamba tau ya mfumo mkuu wa neva imo katika aksoni, na picha hiyo ikaingia vitabuni ikakaa. Mwaka 1987 Papasozomenos pamoja na Binder huyohuyo waliondoa fosfeti kwenye vipande vya ubongo kwa kimeng'enya cha fosfatasi kabla ya kutia kingamwili ileile, na tau ikajitokeza katika miili ya seli, katika dendraiti, na hata katika astrosaiti, yaani seli saidizi za ubongo. Sisemi kwamba vitabu vinadanganya, kwa maana tau nyingi ya niuroni iliyokomaa ni ya aksoni kweli. Nasema tu kwamba giza uliloliona linahusu hali ya kipande kimoja cha protini, wala si ushahidi wa kutokuwapo kwa protini yenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kurudi kwa msimamizi wenu, chukueni vipande viwili vilivyokatwa kwa kufuatana kutoka ubongo mmoja, mkiloweke kimoja katika bafa yenye fosfatasi na cha pili katika bafa ileile isiyo na kimeng'enya, kwa muda uleule na joto lilelile, kisha mvitie Tau-1 kwa pamoja. Miili ya seli iking'aa katika cha kwanza peke yake, mmepata jibu. Kingamwili ya mwenzako nayo ipimwe: itiwe kwenye ubongo wa panya aliyeondolewa jeni ya tau, ambaye amekuwapo tangu mwaka 1994 na huishi bila taabu kubwa. Chochote kitakachong'aa humo si tau.

Tahadhari hii ni kubwa zaidi kwa anayechunguza niuroni zinazokua, na kwa maoni yangu ndipo makala nyingi za wanafunzi zinapoteleza. Tau ya ubongo wa kiinitete hubeba fosfeti nyingi kuliko ya mtu mzima. Isitoshe, kiinitete cha binadamu hutengeneza tau iliyo fupi kuliko zote, yenye asidi amino 352, wakati ubongo wa mtu mzima una aina sita, ndefu kabisa ikifika asidi 441. Kingamwili iliyolenga kipande kinachoongezwa baadaye haitaona lolote katika kiinitete, na mwenye haraka ataandika kwamba tau haijaanza kutengenezwa. MAP2 ina mtego wa namna hiyohiyo: MAP2C, ambayo hutawala mapema, ina uzito wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 70 hivi, nayo imekosa kipande kirefu cha katikati kinachozipa MAP2A na MAP2B uzito wa takriban 280. Soma karatasi ya maelezo ya kingamwili yako ujue inashika wapi.

Tena usitarajie mgawanyo wa vitabuni tangu siku ya kwanza. Katika niuroni za hipokampasi (sehemu ya ubongo) zinazokuzwa kwenye sahani, seli huanza kwa kuchomoza vijimkono vifupi vinavyofanana, na baada ya siku moja na nusu hivi kimoja huwapita wenzake kikawa aksoni. Wakati huo MAP2 bado imo katika vijimkono vyote, pamoja na aksoni changa. Huondoka katika aksoni siku zinazofuata.

SWALI: Ninapopima tau ya panya kwenye jeli inayotenganisha protini kwa uzito, mstari mzito hutokea karibu na kilodaltoni 50 hata kwa panya asiye na jeni ya tau. Kingamwili yangu ya kwanza, ile inayoshika tau, imetoka kwa panya. Niitupe?
Fundi wa maabara, Kabete

JIBU: Usiitupe. Damu iliyobaki katika ubongo ina kingamwili za panya mwenyewe, na mnyororo mzito wa kila moja (kipande chake kikubwa) una kilodaltoni 50 hivi, mahali ambapo tau nayo hukimbilia. Kingamwili yako ya pili, iliyotengenezwa kushika kingamwili za panya, inaishika hiyo pia. Safisha damu kwa kupitisha bafa moyoni kabla ya kutoa ubongo, au tumia kingamwili ya kwanza iliyotoka kwa sungura pamoja na ya pili isiyoshika za panya.