Gitaa moja kwa kazi zote: Fender, Gibson, Yamaha au lipi?

Ijumaa usiku uko baa ya Kabalagala hapa Kampala, unapiga reggae na zouk. Jumamosi mchana uko kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, kule Mukono. Wazee wanataka nyimbo za zamani za bendi ya Afrigo, vijana wanataka sebene, ile sehemu ya magitaa ya kasi ya muziki wa Kongo, mpaka vumbi litimke. Jumapili asubuhi uko kanisani, na katikati ya sifa mwimbishaji anakugeukia, kidole juu: pandisha kii. Gitaa ni lile lile. Ndiyo maana vijana wakiniuliza, "Anko, ninunue Fender au Gibson?", nami huwauliza kwanza wanapiga wapi, wanachomeka kwenye nini, na wanafika huko kwa usafiri gani. Wengine hudhani nawakwepa.

Majina yanayoshindana kwenye maduka yetu hayazidi saba au manane, na mengine ni ya nyumba moja. Squier ni ya Fender. Epiphone iko chini ya Gibson tangu 1957. PRS, iliyoanzishwa Maryland, Marekani, mwaka 1985, ina daraja lake la bei nafuu liitwalo SE, na hizo SE hutengenezwa Indonesia kwenye kiwanda cha Cor-Tek, kampuni ya Korea ambayo pia ina jina lake yenyewe, Cort. Kwa hiyo unaposikia watu wawili wakibishana kwamba PRS SE ni gitaa na Cort ni kiti cha kukalia, jua wanabishania magitaa yanayotoka mikononi mwa mafundi wa kampuni moja. Tofauti zipo, katika pikapu (zile sumaku zenye koili chini ya nyuzi zinazonasa mlio), vyuma na ukaguzi, lakini si mbingu na ardhi.

Kwa anayetaka sauti nyingi kutoka gitaa moja, nembo ni ya tatu au ya nne. La kwanza ni pikapu, na hapo ndipo historia ya Fender na Gibson inapokuwa na maana.

Telecaster ya Fender (jina hilo lilianza 1951) na Stratocaster ya 1954 zilijengwa kwa pikapu za koili moja. Sauti yake ni kavu, inang'aa, inakata katikati ya kinanda na ngoma bila kuomba ruhusa. Ubaya wake ni kwamba koili moja hunasa mngurumo wa umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukisimama karibu na taa za kupunguzwa mwanga, au jenereta ikiwashwa nyuma ya jukwaa, utausikia mngurumo huo kabla hujagusa uzi. Mwaka 1955 mhandisi wa Gibson, Seth Lover, aliomba hataza ya pikapu ya koili mbili zilizopangwa ziuane kelele, ndiyo hambaka. Kufikia 1957 zilikuwa kwenye Les Paul. Hambaka haingurumi, ina sauti nene yenye nguvu, na ukiongeza distoshen, ule mkwaruzo wa makusudi wa roki, inaimba. Ila inapoteza ule ukali wa juu.

Sasa weka hayo kwenye kazi zetu. Sebene inataka koili moja: safi, nyembamba, kila nota ijitenge na mwenzake, kwa sababu chini yake kuna rithimu na mi-solo (gitaa la kati, baina ya rithimu na solo) vinavyozunguka bila kupumzika. Hambaka nene hapo inakuwa uji. Rithimu ya reggae, ule mkato wa nusu pigo, vilevile. Lakini mchungaji akifika kwenye wimbo wa kuabudu wa polepole na kutaka nota moja ivutwe mpaka watu wafumbe macho, koili moja ya karibu na daraja, kile chuma cha mwilini kinachoshikilia nyuzi, itawachoma masikio. Hapo unataka hambaka.

Jibu la mpiga kazi zote ni mpangilio uitwao HSS: hambaka moja karibu na daraja, pikapu mbili za koili moja kuelekea shingoni, na swichi ya nafasi tano. (Hiyo swichi ya tano si ya zamani kama watu wanavyodhani. Stratocaster za mwanzo zilikuwa na nafasi tatu, wapigaji wakawa wanaikwamisha katikati kwa makusudi ili wapate sauti za pikapu mbili kwa pamoja, na Fender ikakubali yaishe mwaka 1977.) Nafasi ya 4, yaani pikapu ya shingo pamoja na ya kati, ndiyo naishi nayo nusu ya usiku. Mara nyingi pikapu ya kati hufungwa kinyume, hivyo nafasi hiyo huua mngurumo kama hambaka na bado sauti inabaki ya kioo.

Mimi napiga Yamaha Pacifica 112V na ndiyo ninayompendekezea mtu wa kwanza kuniuliza. Pacifica zilianza 1990. Hiyo 112V ina mwili wa mbao ya alder, HSS, na kitufe cha toni unachoweza kukivuta juu. Ukikivuta unasikia "tak" ndogo kwenye vidole, na hambaka inabaki na koili moja. Sauti inashuka kidogo na kuwa nyembamba; si Stratocaster halisi, lakini kwa sebene ya dakika nane inatosha kabisa. Angalia herufi hiyo V. Dukani utaonyeshwa 112J au 012, zinafanana sana kwa macho na bei yake inavutia, lakini hazina kitufe cha kuvuta. Muuzaji akikuambia ni ile ile, kivute mwenyewe.

Squier Affinity ya HSS ni ya pili kwangu. Haina mgawanyo wa koili kwa kawaida, ila ukivunja chochote utapata cha kuweka, maana umbo la Stratocaster limeigwa na kila mtu duniani, na vipuri vyake vimejaa. Cort G250 nayo ni HSS, haina makeke, na kwa kuwa jina lake halitajwi sana, bei ya mkononi hushuka haraka, jambo zuri ukiwa mnunuzi. Ibanez wana AZES40, shingo laini, inafaa vidole vyenye haraka. Na ukiwa na pesa zaidi, PRS SE Custom 24 ina hambaka mbili zinazogawanyika, freti (vile vyuma vinavyokata shingo) 24, na urefu wa uzi wa inchi 25, katikati ya inchi 25.5 za Fender na 24.75 za Gibson. Uzi mrefu hukazwa zaidi na sauti yake huruka. Mfupi ni laini kuukunja. PRS walisimama katikati na kwa sikio langu walipatia.

Gibson je? Les Paul Standard mpya, Marekani kwenyewe, inapita dola 2,500. Hiyo ni karibu shilingi milioni 9 za Uganda kabla hujalipa usafiri na kabla VAT ya asilimia 18 haijakugongea mlango. Kwa hela hiyo unanunua bodaboda mpya na bado unarudishiwa chenji. Lakini hata ukipewa bure, fikiria kazi yako. Ina hambaka mbili na upande mmoja tu uliokatwa, na pale shingo inapoungana na mwili kuna unene. Solo la sebene hupigwa kuanzia freti ya 12 kwenda ndani, mkono unaishi huko. Mwili unafika kilo 4 na zaidi, na kwanjula haimaliziki kwa saa mbili. Epiphone inapunguza bei. Uzito na umbo vinabaki vile vile.

Halafu kuna suala la boda. Kichwa cha Les Paul kimeinamishwa nyuma, na shingo yake hukatwa kwenye mahogani, kwa hiyo pale karibu na kichwa ndipo palipo dhaifu. Gitaa likidondoka chali ndani ya begi laini, hapo ndipo linapovunjika. Kichwa cha Fender na cha Pacifica kimenyooka, shingo ni ya mepo na imefungwa kwa skrubu nne nyuma. Likitokea la kutokea, unafungua skrubu unaweka shingo nyingine. Wengi wetu tunabeba gitaa mgongoni, kichwa kikiwa juu ya helmeti ya abiria, tunapita chini ya matawi na kamba za nguo za watu huko Namuwongo. Mwambie dereva, "Ssebo (bwana), mpole mpole," halafu nunua gitaa linalovumilia asiposikia.

Moyo wangu, nikiri, uko kwenye Telecaster. Mbao moja, pikapu mbili, hakuna tremolo (daraja la springi la kutikisa nyuzi) ya kukulaghai, ni imara hata ungeweza kuitumia kama komeo la mlango. Kwa rithimu sijaona kama yake. Lakini kwa kazi hizi za mseto ningelazimika kubeba na gitaa la pili, na boda hachukui magitaa mawili.

Kuhusu kuchomeka, hapa ndipo pesa nyingi za watu hupotea. Unakwenda dukani, unajaribu gitaa kwenye amplifaya kubwa ya kupendeza, unalipenda. Jumapili unalichomeka moja kwa moja kwenye miksa ya kanisa na linalia kama limefunikwa blanketi. Si gitaa. Pikapu za kawaida zinataka ingizo la takribani ohmu milioni 1. Ingizo la laini la miksa mara nyingi lina elfu 10 au 20, na sauti za juu zinamezwa hapo hapo. Dawa ni kisanduku cha DI, kinachokaa kati ya gitaa na miksa ili sauti isimezwe, au bora zaidi, pedali ya efekti nyingi yenye uigaji wa spika. Zoom G1 Four ni ndogo, inaingia kwenye mfuko wa begi, na inaendeshwa na betri nne za AA. Umeme ukikatika na jenereta ikayumba, wewe unaendelea. Ningependelea mtu anunue gitaa la daraja la chini kidogo na pedali hiyo kuliko gitaa la kujivunia na waya mtupu. Fundi mitambo wa kanisa ndiye pia anayeendesha projekta. Usimtegemee akutengenezee toni.

Ukienda kununua, muombe muuzaji akuchomekee kwenye miksa au spika yenye mlio wa wazi. Lishike gitaa kama bunduki, tazama kutoka kichwani kuelekea darajani: kingo mbili za shingo zinatakiwa kunyooka, na ukiona kama mlango uliopinda, lirudishe. Pitisha kiganja kando ya shingo; chuma cha freti kikikukwaruza, mbao imenywea au kazi ilifanywa kwa haraka. Piga kila uzi kwenye kila freti, bila aibu, hata kama watu wanasubiri. Gusa uzi juu ya freti ya 12 upate mlio wa filimbi, kisha ubonyeze pale pale. Vikitofautiana, intoneshen, yaani usahihi wa nota shingo nzima, haijakaa sawa, na hilo linarekebishika darajani kwa bisibisi. Zungusha vitufe vyote. Tikisa jeki. Kwaruzo za vitufe na jeki hazinisumbui sana, fundi wa redio wa Katwe anazimaliza kwa risasi ya kuchomelea na bisibisi, lakini zishushe bei. Freti zilizolika ni habari nyingine. Mafundi wa kazi hiyo ni wachache na wanajijua.

Ukikuta Gibson kwa bei ya Squier, usishangilie. Fungua macho kwenye kile kibati kidogo cha kichwani kinachofunika chuma cha shingo: cha Gibson hushikwa na skrubu mbili. Ukiona tatu, hiyo ni nakala. Fender nayo, omba namba ya usajili na uitafute kwenye tovuti yao ukiwa umesimama pale pale dukani, si nyumbani. Kuna muuzaji aliyewahi kuniapia kwa jina la mamake kwamba Stratocaster yake imetoka California, na nyuma ya kichwa jina Stratocaster lilikosa herufi moja. Nilimpa mkono nikaondoka. Nakala si dhambi kuipiga, nimesikia nyingine nzuri, ila ilipwe bei ya nakala.

Na usiondoke dukani na nyuzi zilizokuja na gitaa. Zimekaa kwenye maboksi, zikapigwa na unyevu wa misimu miwili ya mvua, zina kutu usiyoiona. Weka nyuzi za unene wa 9 kama unapiga sebene na kukunja sana, 10 kama mkono wako ni mzito wa rithimu, halafu mpe fundi aliseti upya kwa nyuzi hizo ulizochagua, kwa sababu ukibadilisha unene, mvuto wa shingo unabadilika na tremolo ya nyuma inanyanyuka au inalala. Mimi tremolo naifunga kabisa: nakaza zile springi mpaka daraja lilale juu ya mwili, uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo zile tano zinabaki kwenye tyuni.

Wale wa mkono wa kushoto, Yamaha wanayo 112JL. Ni J, haina kitufe cha kuvuta, na mara nyingi itabidi uiagize Nairobi. Usikubali kugeuziwa nyuzi kwenye gitaa la kulia eti Hendrix alifanya hivyo; vitufe vitakuwa chini ya kiwiko chako na utazima sauti katikati ya solo.