Majibu kutoka Juani: mashua, kisima na betri iliyotutia hasara

Mwezi uliopita nilieleza kwamba mimi na mume wangu tuliishi miaka mitatu ndani ya mashua, tukipakia nazi Mafia na kurudi na unga, bati na saruji kutoka Nyamisati, bandari ya ng'ambo bara, kabla ya kuweka miguu chini kwenye shamba dogo kisiwani Juani, jirani na Mafia. Nguzo za umeme hazijafika kwetu, wala bomba. Tangu hapo maswali hayakomi. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu.

Watu wawili ndani ya chombo kidogo miaka mitatu. Hamkugombana? (Msomaji, Mbagala)

Tuligombana sana. Chombo chenyewe kilikuwa na urefu wa mita kumi hivi, nacho kikishapakia nazi unabaki na nafasi ya mkeka mmoja chini ya kibanda cha makuti pale tezini, nyuma ya chombo. Nyumbani ukikasirika unatoka, unakwenda kwa dada. Chomboni mume anakwenda omo, kule mbele, wewe unabaki tezi, na hata kukohoa mnasikiana.

Kilichotupatanisha mara nyingi ni ngama, maji yanayojikusanya chini ndani ya chombo. Mashua yetu ilivuja, kama zinavyovuja zote za umri ule. Usiku nililala mkono umening'inia ubavuni, vidole vikigusa mbao za chini. Vidole vikilowa, naamka, nachukua upo, kile kichoteo cha mbao, nafua maji. Naye akisikia upo unakwaruza mbao anaamka kunipokea, hata kama hatujasemeshana tangu adhuhuri. Mpaka leo, tuna kitanda cha kamba na sakafu ya saruji, bado namwona usiku wa manane akishusha mkono kupapasa chini. Akikuta pakavu anageuka upande wa pili.

Mimi ni mwanamke. Nasikia mabaharia hawataki mwanamke chomboni. (Msomaji, Lindi)

Wale wa vyombo vya jirani walinung'unika safari mbili. Ya tatu waliniomba nipike.

Kwa nini mliacha bahari? (Msomaji, Pangani)

Mbao, dada yangu. Wewe wa Pangani unajua. Kila baada ya wiki chache lazima usubiri bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, ukipandishe chombo ufukweni maji yakiwa yamejaa, yakipwa ukwangue chini, utie moto kwa makuti makavu kuwaua wadudu wanaotoboa mbao, ukalafati kwa pamba, yaani uzibe mianya ya mbao, kisha upake deheni, mafuta mazito ya kuzuia maji. Ukichelewa, wadudu hawachelewi. Fundi analipwa, misumari inanunuliwa, na siku hizo zote mzigo wa mtu unakungoja gatini.

Halafu kusi, upepo wa kutoka kusini, ya mwaka wa tatu. Tulitia nanga mahali tulipopaona pana kinga, usiku upepo ukazidi, amari, kamba ya nanga, ikasagika kwenye jiwe hadi ikakatika. Tulipandisha tanga gizani na kukimbilia upande wa pili wa kisiwa. Hatukuumia. Lakini asubuhi yake mume wangu alikaa akitazama kile kipande cha amari kilichobaki, nami nikajua tumeshauza chombo.

Shamba mlipataje? Nina akiba kidogo na nataka kufanya hivyo hivyo. (Msomaji, Dodoma)

Taratibu, ndugu yangu. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na anayegawa ni halmashauri ya kijiji pamoja na mkutano mkuu wa kijiji. Hagawi mzee mmoja aliyekaa chini ya mwembe, hata awe na heshima namna gani. Mwisho wa safari yako iwe hati ya haki miliki ya kimila, na majina yenu wote wawili yaandikwe humo. Mume wangu aliona hilo la majina ni jambo dogo. Nikamwambia kama ni dogo basi halitamchosha.

Mawili zaidi ambayo mtu wa bara hayajui. La kwanza, huku pwani minazi inaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Uliza minazi ni ya nani kabla hujauliza shamba ni la nani. La pili, usijenge miguu ndani ya maji kwa ajili ya mandhari: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Na Juani iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, kwa hiyo boriti za mikoko na mawe ya matumbawe si vitu vya kujichukulia tu.

Maji ya kunywa mnapata wapi? (Wasomaji wanne tofauti)

Hapa nikae kidogo, maana ndipo wengi wanaposhindwa.

Kisima tunacho, lakini kisiwani maji baridi yameelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichota kwa ndoo, polepole, yanabaki matamu. Ukiweka pampu kubwa ukavuta kwa pupa, chumvi inapanda kutoka chini, na umejiharibia wewe na jirani. Jamaa mmoja alifanya hivyo kiangazi kizima. Sasa kisima chake ni cha kufulia. Cha kwetu ni cha mbuzi, bustani na kuoga.

Ya kunywa ni ya mvua. Hesabu yake rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati letu ni mita za mraba 30, kwa hiyo mvua ya milimita 50 ni lita 1,500. Toa zinazomwagika, zibaki kama 1,200. Masika moja nzuri matangi yote yanafurika. Kazi ni kuyafikisha maji hayo mpaka vuli.

Angalia, nimesema bati. Tuliezeka nyumba makuti kwa ubaridi wake, tukaja kugundua maji ya makuti yana rangi ya chai na harufu ya panya. Tukaongeza banda la bati kwa ajili ya jiko na stoo, na hilo ndilo linalotunywesha. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi tunaiacha imwagike ioshe vumbi na kinyesi cha popo. Yanayobaki tunachemsha.

Chomboni tulitumia dumu moja la lita 20 siku mbili, wawili. Watu wakituuliza tulijifunzia wapi kubana maji, jibu ni hilo.

Sola ya ukubwa gani inatosha? (Msomaji, Kigoma)

Usianze na paneli, anza na karatasi. Sisi taa nne za wati 5 kwa saa tano ni wati-saa 100. Feni ya wati 20 usiku kucha, kama 160. Simu na redio, 50. Jumla 310. Paneli ya wati 100 siku ya jua inakupa wati-saa 400 hivi, lakini masika jua linajificha siku tatu mfululizo, ndiyo maana tuna mbili.

Betri ndipo tulipopigwa. Tulinunua moja dukani, imeandikwa ampia-saa 100 (kipimo cha umeme inaoweza kutunza), muuzaji anaapa kwa mama yake. Ilikuwa nyepesi, mume wangu aliibeba kwa mkono mmoja akafurahi. Betri ya risasi ya ukubwa huo haibebwi kwa furaha, ina karibu kilo 30. Haikumaliza miezi minne, ikafa. Na hata iliyo halali usiitumie kupita nusu, itakufa kabla ya siku zake. Vichwa vya betri tunavipaka grisi, kwa sababu chumvi ya hewani inakula shaba huku ukiitazama.

Friji hatuna. Samaki wa leo huliwa leo, wa ziada wanakaushwa, wanageuka ng'onda.

Mkiugua usiku je? (Msomaji, Mombasa)

Hospitali ya wilaya iko Kilindoni, ng'ambo ya maji kisha barabara. Jirani yetu ana boti ya mashine. Sisi tuna lita kumi za petroli ndani ya dumu jekundu ambalo haliguswi hata tukikosa kitu cha kuuza. Yeye ana mashine, sisi tuna mafuta, na wote tunajua saa za maji, maana yakishapwa boti iko juu ya tope na huwezi kuisukuma. Usiku mmoja tulimbeba mke wake kwa machela mpaka kwenye mkondo, tope likifika magotini. Alijifungua salama. Kwa hiyo wanaoniita mtu wa kujitegemea wananichekesha kidogo.

Nataka kuja kuwaona. Nilete nini? (Msomaji, Tanga)

Vitunguu, sabuni ya mche, fyuzi za ampia 20. Na ukija wakati wa bamvua usifike saa nne asubuhi, utatembea topeni viatu mkononi. Fika saa kumi jioni, maji yamejaa, nasi tutakuwa tumeshateleka chai.