Matuta: anzieni kwa mwenyekiti wa mtaa

Pole ndugu uliyeuliza mtapataje matuta ya kupunguza mwendo wa magari mtaani. Magari yanayokwepa foleni kukatiza mtaani kwenu kwa kasi, na watoto wanakwenda shule, si jambo la kungoja ajali. Ila msijimwagie zege wenyewe usiku: tuta lisilo na kipimo wala alama litamwangusha wa bodaboda, na kesi mtabeba ninyi.

Mwenyekiti aitishe mkutano, muhtasari ugongwe muhuri, barua ya kuomba matuta iende kwa meneja wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) wilayani, nakala kwa diwani. (Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala mwingine wa serikali.) Ambatanisheni picha ya asubuhi, watoto wamejibanza ukutani gari likipita. Wahini: mwaka wa fedha huanza Julai, barua ya Juni itakuta bajeti imeshafungwa.