Akifa kwenye sizoni ya Kichina, amekwisha kweli?

Swali: Habari za kazi. Kwenye hizi sizoni za miungu wa Kichina mtu anakufa, tunalia nyumba nzima, kesho yake yupo. Nitamjuaje aliyekufa moja kwa moja? *Mama Wawili, Nyakato, Mwanza*

Jibu: Mama Wawili, damu isikutishe, fuatilia roho. Katika imani ya kale ya Wachina mtu ana roho 3 ziitwazo hun na nyingine 7 ziitwazo po, na hadithi hizi zinategemea hesabu hiyo. Mwili ukianguka lakini roho zipo, mhusika atazaliwa upya au ataamka. Ukisikia roho "zimetawanyika", hapo shika leso. Hata hivyo, subiri kwanza uone mwili unafanywaje. Kwenye *Eternal Love* ya 2017, roho ya Mo Yuan ilitawanyika vitani, lakini mwanafunzi wake Bai Qian aliutunza mwili ule kwa damu ya moyo wake, na baada ya miaka 70,000 mwalimu akafumbua macho. Mwili ukigeuka chembe za mwanga na kupotelea hewani, matumaini ni madogo mno.

Mkanganyiko mwingine unaletwa na tafsiri. Kuna neno jie, yaani jaribu ambalo mungu hana budi kulipitia ili apande daraja, na mara nyingi analipitia kwa kuzaliwa duniani kama binadamu asiyekumbuka lolote. Mtafsiri akiliita "adhabu", mtazamaji anahangaika kutafuta kosa ambalo halikufanyika. Akifa huku duniani jaribu limeisha, anarudi juu na nguvu zaidi. Uchungu wenyewe unaanza akishaamka, kwa sababu mmoja anakumbuka na mwenzake amesahau. Susu wa *Eternal Love* ananyang'anywa macho, anajitupa kutoka jukwaa la Zhuxian, anazinduka na kujikuta ndiye Bai Qian, kisha anaomba dawa ya kusahau yote. Miaka 300 Ye Hua, mume wa Susu, anamwombolezea mtu aliye hai. Kwa maoni yetu, hakuna kifo ndani ya sizoni ile kinachouma kuliko hiyo miaka.

Swali: Shikamooni. Jin Mi wa *Ashes of Love* anamchoma kisu mtu anayempenda, siku ya harusi, na uso mkavu. Ana roho ya aina gani? Na kwa nini hawa wapenzi hawaambiani ukweli mapema? *Binti wa Igoma*

Jibu: Marahaba. Jin Mi usimhukumu haraka. Alipozaliwa, mama yake, Malkia wa Maua, alimlisha kidonge cha kuzima mapenzi, akitaka mwanawe asije kuumia kama alivyoumia yeye. Kwa hiyo Jin Mi anamchoma Xu Feng akiamini ndiye aliyemuua baba yake, na hajui kwamba anampenda. Kisha anakitapika kile kidonge, na hisia zote zilizozuiliwa zinamjia kwa mpigo, wakati Xu Feng ameshaanguka. Ukirudia kutazama, hesabu mara ambazo Jin Mi anaumwa kifua bila kujua sababu. Zote ni mapenzi yanayosukuma kile kidonge.

Kuhusu kufichana, kumbuka kwamba mbinguni mwao kuna sheria, na anayesema anamponza mwenzake. Hilo ni la kale sana. Mfumaji wa mbinguni alipompenda mchunga ng'ombe wa duniani, walitenganishwa kwa mto wa nyota, wakaruhusiwa kuonana siku ya 7 ya mwezi wa 7 tu, juu ya daraja la ndege wa jamii ya kunguru. Fikiria mmoja yuko Kamanga, mwingine Mwanza mjini, na feri inavuka mara moja kwa mwaka.

Swali: Kaka kaenda mbinguni siku chache, kurudi mtoto ni mkubwa. Wamekosea? *Msomaji, Nansio, Ukerewe*

Jibu: Hawajakosea. Katika hadithi hizi siku 1 ya mbinguni ni mwaka 1 wa duniani.

Swali: Niliwekewa sizoni nzima kwenye flashi, sehemu za mwisho hazimo. Kosa la nani? *Sengerema*

Jibu: Mara nyingi ni la kuunganisha sehemu nyingi ziwe faili moja kubwa. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, yaani mfumo wa kupanga mafaili ambao runinga nyingi huisoma, haipokei faili linalofika GB 4. Omba kila sehemu iwe faili lake. *Eternal Love* ina sehemu 58 za kama dakika 45, karibu saa 43 na nusu. Kila sehemu ikiwa na MB 250, jumla ni GB 14.5, na flashi ya GB 16 inajaa pomoni, kwa hiyo nenda na ya GB 32. Za miaka ya karibuni ni fupi, kwani mwaka 2020 mamlaka ya utangazaji ya China ilielekeza tamthilia zisizidi sehemu 40. *Till the End of the Moon* ya 2023 imeishia hapo hapo kwenye 40, na sehemu zake za mwisho zinakwenda mbio. Ukikosa mbili tu, hutaelewa mhusika mkuu Tantai Jin amejitoa mhanga kwa ajili ya nini. Kabla ya kuondoka kibandani, fungua sehemu ya 40 uone kama inacheza.